Kipara cha Mama Joan

Wiki ya pili baada ya kemo ya pili, Nabwire alishona joho lenye mikono miwili ya kushoto. Aligundua alipolivaa mwenyewe mbele ya kioo, akaona mkono mmoja umetulia na mwingine unamvuta bega kwenda nyuma. Akalifumua, akasema ni uchovu. Kesho yake akalishona upya kwa makini, akipima mara mbili kila alipokata, na alipomaliza mikono ikawa miwili ya kushoto tena.

Huyu ni fundi wa miaka ishirini. Kibanda chake kiko Makina, Kibera, njia ya kwenda msikitini, na hakuna mama hapo ambaye hajawahi kumletea sare ya mtoto ipunguzwe Januari na iongezwe Septemba. Mpaka wale wa magorofa ya Nyayo Highrise walikuwa wakimletea mapazia yao. Sasa alikuwa anaweka sukari kwenye maharagwe. Alimwita mwenye nyumba wake kwa jina la babake yeye Nabwire, marehemu, na mwenye nyumba akaitika tu, kwa heshima. Muuguzi alikuwa amemwambia asiogope, dawa ya kansa ndiyo huchanganya kichwa hivyo na kichwa kitarudi. Hakusema kitarudi lini, na Nabwire alisahau kuuliza.

Ugonjwa wake ulijulikana na mtu mmoja tu, Lavender, msichana wa saluni iliyopakana na kibanda chake. Wengine wote hawakuambiwa, hata binti yake Joan aliyekuwa shule ya bweni, na wa kwanza katika hao wote alikuwa mume wake.

Wanzala ni fundi wa mawe. Mwaka huo alikuwa Turkana, mbali kupita Lodwar, akijenga shule mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kilima peke yake. Kila Jumapili saa kumi jioni alipanda kilima hicho akampigia mkewe. Nabwire alimwambia kifua kinamsumbua na anadungwa sindano hospitalini. Si uongo. Titi liko kifuani, na sindano zilikuwapo, tena za kutosha.

Sababu ya kumficha ilikuwa hii. Miaka mitatu iliyopita dada mkubwa wa Wanzala aliugua kansa hiyo hiyo ya titi, akaletwa kwao Kibera kutibiwa. Wanzala ndiye aliyekaa naye wodini, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, miezi minane, akimtazama akipungua. Alipotoka kumzika Busia, aliketi mlangoni akavua viatu vyenye udongo wa kaburi, akasema, "Mama Joan, afadhali nife mimi kuliko kukaa tena kwenye kile kiti nikitazama mtu wangu."

Wanaume husema mengi wakivua viatu. Lakini Nabwire alimwamini, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliogopa. Hakuogopa kufa sana kama alivyoogopa kuona uso wa mumewe siku atakayoambiwa, halafu kuona mgongo wake ukitoka mlangoni. Kwa hiyo akapanga. Kemo ni sita, kila wiki ya tatu. Kazi ya Turkana inaisha Desemba. Mpaka hapo atakuwa amemaliza, nywele zitakuwa zimeanza kuota, na mtu atarudi amkute mkewe kama alivyomwacha. Baada ya kemo kulikuwa na upasuaji, lakini huo alikuwa bado hajautafutia uongo wake. Ulikuwa mpango mzuri, ila ulitaka dunia nzima ikae kimya hadi Desemba.

Nywele zilikuwa za kwanza kukataa. Zilitoka kwa mafungu, zikabaki kwenye mto, kwenye kola, kwenye unga wa ugali. Lavender alimkalisha kwenye kiti cha saluni asubuhi moja kabla ya wateja kufika.

"Auntie, hii tuondoe tu yote," alisema. "Ukingoja itoke yenyewe itakutesa bure."

Akampitisha mashine, kisha wembe, kichwa kikang'aa. Nabwire alijifunga kitambaa cheusi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akarudi kwenye cherehani.

Majoho aliyokuwa akishona yalikuwa ya kwaya ya wanawake wa mtaa wa Kongo, Kawangware. Wengi wao ni watu wa Busia kama yeye, na mwenyekiti wao, Mama Khamala, alikuwa akimfahamu tangu ujana wao. Ijumaa, siku sita kabla ya kemo ya tatu, Nabwire alipakia majoho kumi na mawili kwenye bodaboda, akaenda kuyajaribisha. Chumba walichokutania kilikuwa cha mabati, na jua la saa nane lilikuwa limekaa juu yake. Mmoja wa wanawake alilalamika kwamba shingo ni ndogo. Nabwire akataka kumwonyesha kwamba si ndogo, akalivaa yeye, likapita vizuri. Alipolivua, kitambaa chake kikatoka nalo.

Wanawake wote kumi na wawili wakamkodolea macho.

Kwao Busia, mke wa mtu hanyoi kichwa kikabaki kipara kwa kupenda. Hunyolewa akitoka kumzika mume. Na mjane hahojiwi. Hata kama mlikula naye juzi na hamkusikia lolote, unangoja aseme mwenyewe. Kazi yako ni kumpa pole, kuleta ulicho nacho na kukaa. Wanawake wale walikuwa wamelelewa vizuri, bahati mbaya. Hakuna aliyeuliza. Mmoja aliweka kiganja shavuni. Mama Khamala akaokota kitambaa, akakikung'uta, akamfunga Nabwire polepole, akasema, "Pole, mama."

Nabwire aliona macho yao yote, akaelewa kwamba siri imetoka. Wanajua ninaumwa, alijiambia. Akajibu kama watu wanavyojibu: "Asante. Ni mipango ya Mungu."

Hapo ndipo alipomzika mume wake bila jembe.

Jumamosi walikuja Makina wanane, na sukari, na unga, na mkungu wa ndizi. Wakaketi kitandani, kwenye viti, wengine kwenye mkeka, wala hawakuzungumza. Mmoja alimtazama Nabwire, akatazama koti la Wanzala lililoning'inia kwenye msumari, akalia kimya kimya. Nabwire alifikiri anaangaliwa kama maiti iliyosahau kulala, na ilimuuma. Nimechakaa kiasi hiki? Alipika chai akaitia chumvi badala ya sukari. Wakainywa yote. Mjane hasahihishwi.

Walipoondoka alikuwa amejaa hasira, na hasira yote ilikuwa ya Lavender, maana ni nani mwingine aliyejua? Lavender alipompungia mkono kutoka saluni, Nabwire alitazama cherehani yake. Msichana wa watu akabaki na mkono hewani asijue amekosa nini.

Jumapili saa kumi ilifika, simu haikulia. Saa kumi na moja haikulia. Nabwire aliiwasha na kuizima, akaitoa kwenye chaji, akairudisha. Saa kumi na mbili alipiga yeye, akaambiwa mteja hapatikani. Jumatatu akapiga mara tisa, au labda mara nne na mara tano nyingine aliota. Alishaanza kutojua. Kuna siku aliamka akiwa na hakika kwamba amemwambia Wanzala kila kitu, kwamba alilia naye kwenye simu na Wanzala akasema neno zuri. Neno lenyewe hakulikumbuka. Akapekua simu nzima akilitafuta, kana kwamba simu huweka maneno.

Jumanne Mama Khamala alirudi, safari hii peke yake. Alikuwa ameng'ang'ana na jambo njiani na ilionekana. Aliketi, akakunja mikono, akasema:

"Mama Joan, sisi hatuna neno kwamba Wanzala alizikwa huko Turkana bila sisi kuitwa. Mambo huwa magumu, tunaelewa. Lakini siku ya kumfanyia ibada nyumbani, tusiachwe tena. Tutakusindikiza mpaka Busia."

Nabwire alisikia kila neno, na kila neno lilikuwa Kiswahili. Wanzala alizikwa. Alifungua mdomo kuuliza, kikatoka kilio. Alilia akiwa amekaa, kisha akiwa ameanguka ubavu, na Mama Khamala akamshika mabega, akiwa ameridhika kwamba mjane hatimaye amelia, kwa sababu kilio kikikaa ndani huua. Mtu anayelia hivyo haulizwi kitu. Mama Khamala aliimba wimbo mmoja mpaka mwisho, akamfunika leso, akaenda zake Kongo kuwaambia wenzake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kilio chenyewe kitakuwa cha nani.

Alipobaki peke yake, Nabwire aliketi akajaribu kukumbuka. Watu kumi na wawili wanajua mume wake amekufa na amezikwa, yeye hajui. Inawezekanaje? Labda waliambiwa wamfiche kwa sababu ni mgonjwa. Au labda aliambiwa akasahau. Amesahau mikono ya joho. Amesahau jina la mwenye nyumba. Mtu anaweza kusahau na hili? Akajitafutia ndani safari ya Turkana, jeneza, mchanga, lori, akakuta vumbi tu ambalo huenda aliliona kwenye televisheni. Akainua mkono akagusa kichwa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Kwao mke hunyolewa lini? Yeye mwenyewe alijua hunyolewa lini.

Akatoka hivyo hivyo, kitambaa mkononi, akaingia saluni. Lavender alikuwa anamsuka mteja. Nabwire akasimama mbele yake.

"Lavender," alisema, "mimi nilinyoa kwa nini?"

Lavender alianza kucheka, akaona uso, akaacha. "Si nywele zilikuwa zinatoka, auntie? Juu ya dawa. Mimi ndio nilikunyoa, hapa hapa. Kwani unaskia aje?"

Nabwire akamweleza yote, ya joho, ya chai, ya Mama Khamala, akiruka mbele na kurudi nyuma. Lavender ni wa kutoka kando ya ziwa lakini amezaliwa Kibera, na habari za kunyoa alikuwa nazo kwa kusikia kwa nyanyake. Ilimchukua muda. Halafu akaweka kitana chini.

"Auntie. Wameona kipara wakadhani umefiwa."

Kwa muda mfupi mambo yakanyooka. Nabwire aliketi kwenye kiti cha wateja akahisi anapumua, akamwomba Lavender radhi kwa kumnunia siku tatu. Kisha akasema, polepole, "Na Baba Joan mbona hakupiga Jumapili?" Lavender akapiga namba ile kwa simu yake. Mteja hapatikani. Wakatazamana. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nabwire hakulisema, lakini lilikaa naye mpaka akalala.

Jumatano alikwenda kutolewa damu, maana bila hesabu ya damu kuwa nzuri hakuna kemo Alhamisi. Aliporudi saa tano, na pamba imegandishwa mkononi kwa plasta, alikuta watu wamesimama kwenye kichochoro chao kwa namna ya watu wasiotaka kuonekana wamesimama. Mbele ya mlango wake alikuwapo Wanzala, begi begani, vumbi mpaka kwenye kope. Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo wake alikuwa nao, lakini hakuwa ameingia.

Habari ilikuwa imemfikia hivi. Kongo waliandika kwenye kikundi chao cha WhatsApp, Busia wakaisoma, kakake Wanzala akampata msimamizi wa kazi kule Turkana, akiwa amepanda kilima cha mtandao, akamuuliza mwili ulizikwa wapi. Msimamizi akaagiza marehemu aitwe kilimani, akampa simu. Marehemu akasema yu hai. Kaka akauliza kwa sauti ya chini kwamba, kama yu hai, mkewe amenyoa kwa ajili ya nani. Kwao mke anayenyoa mume akiwa hai anamchimbia kaburi. Ni aibu ya ukoo, wala haipelekwi kwenye WhatsApp, ndiyo maana kaka hakumwambia mtu mwingine. Wanzala hakutaka kumpigia mkewe, alipanda lori siku hiyo hiyo ya Jumapili. Simu ilikufa njiani.

Nabwire alimwendea moja kwa moja, akanyoosha mkono kumgusa, ahakikishe. Wanzala akarudi nyuma.

"Usinishike," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Niambie kwanza, Mama Joan. Mimi nilikufa lini?"

"Sijui," alisema Nabwire, na ilikuwa kweli.

"Umeninyolea nikiwa hai."

Angeweza hata hapo kutafuta uongo mwingine. Alisimama akautafuta, akakuta kichwani hamna hata mmoja. Dawa ilikuwa imechukua na huo. Akavua kitambaa mbele ya majirani wote.

"Sikunyoa kwa ajili yako. Zilitoka. Nina kansa, Baba Joan. Kama ya dada yako, mahali pale pale. Kesho ni kemo ya tatu."

Uso wa Wanzala ukawa ule aliouogopa miezi yote. Hakuna kilichobadilika ila macho, ambayo yaliacha kumwona. Aliangalia kichwa chake, akaangalia plasta mkononi, akaangalia ndani kupitia dirishani, pale lilipokuwa koti lake kwenye msumari. Akapandisha begi begani vizuri, akageuka, akafuata kichochoro akaondoka. Nabwire hakumwita.

"Amekwenda," alimwambia Lavender baadaye.

"Atarudi, auntie. Ni shock tu."

"Hata begi hakuweka chini."

Siku nzima alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alikuwa na furaha kwamba mtu yu hai, na uchungu kwamba yu hai na ameenda, na hakujua la kuweka mbele ni lipi. Jioni alijikuta ameandaa sahani mbili. Hakukumbuka kama aliiandaa ya pili kwa matumaini au kwa kusahau.

Alhamisi Lavender alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha kemo, akarudi kwa wateja wake. Vitanda vilikuwa vimejaa. Kando ya kila kitanda kulikuwa na kiti cha plastiki, na kando ya cha Nabwire kiti kilikuwa kitupu, wakaweka juu yake mkoba wake. Muuguzi alitafuta mshipa, akaukosa, akautafuta tena. Dawa ya kwanza ikapita. Kisha akaja na ile nyekundu, ambayo wagonjwa wote huigeuzia uso, akaanza kuisukuma taratibu, na ndipo mlango ukafunguka.

Wanzala alikuwa na shati lile lile la jana. Kwenye kola kulikuwa na unyoya wa kuku. Alimpita mgonjwa mmoja, akampita wa pili, akasimama mbele ya kile kiti.

Alieleza bila kuulizwa, akitazama sakafu. Alikuwa ametoka kwake moja kwa moja mpaka Kongo. Mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumba yake wala halali na mkewe mpaka waliomlilia wamtakase, hilo mtoto yeyote wa kwao analijua. Alipobisha kwa Mama Khamala, mama huyo alimtazama, akaketi chini kwenye uwanja. Mwingine alikimbia na sufuria yake mkononi. Walipotulia walitafuta jogoo, wakamrusha juu ya paa ili avuke upande wa pili na mkosi wote. Jogoo akatua kwenye mabati ya jirani akakataa kushuka, wakamsihi saa nzima. Wakamla. Wakamwombea. Asubuhi Mama Khamala ndiye aliyemwambia hospitali ni ipi, baada ya kumpigia Lavender.

Nabwire alimsikiliza yote mpaka mwisho. Dawa ilikuwa baridi mkononi. Alitaka kucheka habari za jogoo, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kichwa chake, pamoja na yote kiliyopoteza, kilikuwa kimelishika bila kuliachia hata siku moja.

"Ulisema afadhali ufe," alisema, "kuliko kukaa kwenye hicho kiti."

Wanzala alitoa mkoba kwenye kiti, akauweka chini.

"Si nilikufa Ijumaa," alisema. "Waulize Kongo. Walinililia mpaka wakanywa chai ya chumvi."

Akakaa. Kiti kililia. Mikono yake, mikono ya mtu anayeinua mawe, akaibana kati ya magoti. Aliitazama dawa nyekundu, akageuza uso ukutani, akabaki ameugeuza kwa muda mrefu, mpaka Nabwire akafikiri hatageuka tena. Kisha akageuka akaitazama.

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Katika ngapi?"

"Sita."

"Zimebaki ngapi?"

Nabwire alijaribu kutoa tatu kwenye sita. Alizijaribu kutoka upande huu na upande ule, hazikutoka, na kwa mara ya kwanza tangu nywele zianguke alijililia yeye mwenyewe bila kujificha, kwa sababu ya hesabu ya mtoto wa nasari. Wanzala akatoa mkono wake mmoja katikati ya magoti. Akakunja vidole viwili, akambakishia vitatu, akamwonyesha.

"Hizo," alisema. "Hizo nitakaa."